Nani Alimfundisha Kukaza Nyuzi?

Ijumaa moja mwezi wa tatu tulikuwa tunaangalia filamu kwenye kituo chetu cha vijana hapa Lobule. Tulikuwa watu kama themanini, wengine wamekaa kwenye mikeka, wengine wamesimama mlangoni, na watoto wadogo wamejaa mbele kabisa kama kawaida yao. Filamu ilihusu watoto wa kambi ya Patongo, kaskazini mwa Uganda, wanaojiandaa kwenda Kampala kushindana kwa muziki. Ngoma ikilia watu wanapiga makofi, wengine wanacheza wakiwa wamekaa. Halafu ikafika sehemu mvulana mmoja anaitazama kamera moja kwa moja na kuanza kusimulia mambo aliyolazimishwa kufanya msituni. Kituo chote kikanyamaza. Hapo dada mmoja wa kikundi chetu cha muziki akainuka, akapita katikati ya watu bila kusema samahani, akatoka nje.

Nilimfuata. Nilimkuta amesimama karibu na tangi la maji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Yaya, wewe ndiye uliniambia nisimulie." Kisha akaenda kwao.

Naandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo.

Kwa wasiotufahamu: Lobule iko wilaya ya Koboko, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na wengi wetu tumetoka ng'ambo ya huo mpaka. Mimi nilimaliza sekondari, sikuendelea, na kazi yangu sasa ni vijana: mpira, muziki, mazungumzo ya jioni, na filamu ya Ijumaa. Projekta tunaazima, spika ni ya kanisa, umeme ni wa sola, na ukituishia tunawasha jenereta kama kuna mafuta. Filamu nazifuata Arua kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya maana. Narudi Koboko na flashi mfukoni, nina furaha kama mtu aliyebeba kilo mbili za nyama.

Kama umekaa Uganda unajua kibanda cha video. Mule ndani filamu haiongei yenyewe. Kuna VJ, anatafsiri papo hapo, anaongeza chumvi, anawapa watu majina mapya. VJ Jingo alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo kwa Kiluganda. Kwetu VJ ni mimi. Natafsiri kwa Kiswahili, mwenzangu anaweka Kikakwa na Lingala pale ninapokwama. Kwa hiyo kila mtu anayeongea kwenye ukuta wetu siku ya Ijumaa anaongea kwa mdomo wangu. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Wenzangu wa Rhino Camp na Imvepi huniuliza mara kwa mara: nyinyi mnaonyesha nini? Nawajibu kwamba filamu za mapigano vijana wanaziangalia, lakini zinazowakalisha hadi usiku ni dokumentari, zile filamu za watu wa kweli, hasa za bendi na za vijana wa skeitibodi. Sababu ni rahisi. Kwenye filamu ya mapigano unajua tangu mwanzo stelingi hafi. Kwenye dokumentari ya bendi hujui kama gitaa litapatikana, kama mpiga ngoma atakuja mazoezini, kama mvulana ataruka ngazi zile au atavunja mkono. Ni kama maisha yetu. Hakuna anayejua.

Basi nitawapendekezea filamu, hiyo ndiyo ahadi. Lakini kwanza nijibu swali ambalo yule dada aliniachia pale tangini. Ni haki kuchukua kidonda cha mtu na kukifanya filamu ili watu wengine wapate moyo? Na sisi tunaochagua filamu, na tunaochagua nani akae mbele ya kamera, tunadaiwa nini?

Nisimulie nilichofanya. Miaka miwili iliyopita walikuja wageni na kamera. Sitawataja, na hawakuwa watu wabaya. Walitaka kutengeneza filamu fupi kuhusu kikundi chetu. Tuna adungu nne, ile ala ya nyuzi ya Waalur yenye shingo iliyopinda kama upinde na tumbo la mti lililofunikwa ngozi. Mbili ndogo, moja ya kati, moja kubwa ya besi. Ile kubwa anaipiga yeye, huyo dada. Kwetu tumezoea kuona wavulana na ala hiyo, lakini akishika yeye, wavulana wenyewe wanamfuata.

Mgeni mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, "Katika hawa, nani ana hadithi?" Nilielewa anachotafuta. Hakuuliza nani anapiga vizuri. Mimi nikamwonyesha huyo dada kwa kidole.

Kulikuwa na fomu ya ruhusa, ukurasa mzima wa Kiingereza. Mimi nikaitafsiri kwa sentensi moja: "Wanaomba ruhusa ya kukupiga picha." Akasaini. Akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, akasimulia njia waliyopita kutoka Ituri, na nani hakufika. Upepo ukaingia kwenye maikrofoni. Wakamwomba arudie. Akarudia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, namtikisia kichwa kwamba anafanya vizuri.

Filamu ilitufikia kwa simu. Dakika sita. Adungu zinasikika chinichini wakati yeye analia. Uso wake uko karibu mpaka unaona kila chozi. Mikono yake kwenye nyuzi inaonekana mara moja tu, sekunde chache. Baada ya hapo hakuja mazoezini karibu muhula mzima. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Au niliyaunganisha nikanyamaza.

Sasa turudi kwenye ile filamu ya Patongo. Inaitwa War/Dance, ilitoka mwaka 2007, waongozaji wake ni mke na mume kutoka Marekani, Sean Fine na Andrea Nix Fine, na iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Nataka niitendee haki. Wale watoto wanaonyeshwa wakifanya mazoezi hadi jasho linatoka, wanagombezwa na walimu, wanapanda lori kwenda Kampala mara ya kwanza maishani, wanaingia ukumbi wa National Theatre wakijua kwamba wanaangaliwa kama watu wa vita. Na hawarudi mikono mitupu. Vijana wetu walisimama kushangilia. Hicho si kitu kidogo.

Lakini katikati ya mazoezi hayo mtoto anawekwa peke yake, anaitazama kamera, na anatoa kitu kizito kabisa alichonacho. Mtoto anakua, filamu haikui. Yule mvulana ni mtu mzima leo, na kila Ijumaa mahali fulani duniani bado ni mtoto na bado anakiri. Hata hapa Lobule alikiri, kwa sauti yangu, mbele ya watu themanini asiowajua. Sikuwahi kufikiri hivyo mpaka nilipoona mgongo wa yule dada ukitoka mlangoni.

Nikajitengenezea kipimo. Nikasema: ondoa vita ndani ya filamu, halafu angalia kama mtu bado yupo. Ukiondoa mateso na hakuna kinachobaki, basi hiyo filamu haikumtaka mtu, ilitaka mateso yake.

Filamu ya kwanza kupita kipimo hicho vizuri ni Benda Bilili!, ya mwaka 2010. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikutana na bendi ya Staff Benda Bilili Kinshasa mnamo 2004 na wakakaa nayo kwa miaka kama mitano. Wazee wa bendi waliugua polio utotoni, wanatembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizoziunga wenyewe, wanafanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya mji. Ukisikia hivyo unafikiri utaonyeshwa huruma. Wapi! Unaonyeshwa Ricky Likabu akipanga bendi kama baba mwenye nyumba, anakemea, anatafuta pesa, anatafuta wimbo. Unaonyeshwa mvulana wa mtaani, Roger, ambaye ametengeneza ala yake mwenyewe kwa kopo, kijiti na waya mmoja, anaiita satonge, na unaona anavyokua mbele ya macho yako kutoka mtoto hadi mwanamuziki. Jina la bendi kwa Lingala linakwambia uangalie ng'ambo ya kile kinachoonekana, na wasemaji wa Lingala pale kituoni walilipigia makofi kabla sijatafsiri.

Wiki iliyofuata mvulana mmoja wa hapa alikuja na kopo la mafuta ya mgao, ameliunga kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Lilitoa sauti mbaya kabisa. Ya pili ilikuwa nafuu. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba amejifunza kuwa na matumaini. Walikuja kuniuliza waya mzuri unapatikana wapi.

Niongeze neno moja, nisiwadanganye. Filamu inaishia kwenye makofi ya Ulaya. Miaka mitatu baadaye, 2013, bendi ile iligawanyika. Nawaambia vijana jambo hilo kila tunapoionyesha, maana filamu ikiisha watu wa filamu wanaendelea kula na kugombana kama sisi.

Basi nilifurahia kipimo changu, mpaka nilipoonyesha Beats of the Antonov ya mwaka 2014. Mwongozaji ni Hajooj Kuka, Msudani mwenyewe. Alikwenda na kamera Blue Nile na milima ya Nuba, ambako vita vilianza 2011 na ndege za Antonov zilikuwa zinaangusha mabomu juu ya vijiji na kambi. Ndege inapita, watu wanakimbilia mashimoni, bomu linaanguka, na kitu cha kwanza unachosikia baadaye ni watu wanacheka. Wanatoka shimoni wanacheka. Usiku wanapiga rababa, wasichana wanatunga nyimbo zao wenyewe kuhusu watu wanaowajua, na kila mtu anaruhusiwa kuimba. Halafu wanakaa na kubishana: sisi ni nani, kwa nini tunapigwa, Sudani ni ya nani.

Nikajaribu kipimo changu. Ondoa vita. Haiwezekani. Ukiondoa ndege, kicheko hakina maana. Ukiondoa vita, ule ubishi wa usiku hauna sababu. Filamu isiyo na vita kuhusu watu hawa ingekuwa uongo, kama vile mtu angenipiga picha mimi hapa Lobule akafuta kambi yote nyuma yangu nionekane mtalii.

Mama mmoja wa umri wa mama yangu alisema jioni ile, "Hawa hawatuombi kitu." Nimefikiri sana kuhusu maneno yake. Kwenye filamu nyingi za wakimbizi, hata nzuri, mtu anaongea huku akimtazama mtu wa mbali mwenye uwezo wa kusaidia. Kwenye hii wanaongea wao kwa wao, na kamera imekaa nao kama jirani aliyekuja kusikiliza ngoma. Vita vimo, lakini si vita vinavyomtambulisha mtu. Mtu ndiye anayesimulia vita, na akichoka anarudi kwenye rababa yake.

Kwa hiyo kipimo kikabadilika. Nikaacha kuuliza kama kidonda kimo, nikaanza kuuliza nani ameshika mlango wake. Mwenye kovu usidhani amepoa, wazee walisema. Kovu ni lake. Akitaka kulionyesha ni yeye, akitaka kulifunika ni yeye.

Hapa niingize skeitibodi, maana najua kuna watu wameisubiri tangu mwanzo. Ni ule ubao mdogo wenye magurudumu manne, unasimama juu yake na kusukuma kwa mguu. Mtu atasema, sisi wa vumbi jekundu tuna habari gani na ubao wa lami? Lakini tusijione wageni sana. Kitintale, Kampala, vijana walijenga uwanja wao wa skeitibodi kwa mikono yao mwaka 2006, wakachanganya saruji wenyewe, wakati hakukuwa na mwingine Afrika Mashariki. Na sisi watu wa Kongo tuna chukudu ya Goma, ya mbao tupu, inayoteremka mlimani na mzigo wa viazi. Mbao na magurudumu si kitu cha kizungu.

Filamu ninayoipendekeza ni fupi, dakika arobaini hivi, nzuri kwa siku ambazo sola ni dhaifu. Ni Learning to Skateboard in a Warzone (If You're a Girl), ya Carol Dysinger, iliyotoka 2019 na kushinda Oscar Februari 2020. Iko Kabul, kwenye shule ya Skateistan, shirika lililoanzishwa mjini humo mwaka 2007. Wasichana wanakuja kusoma na kuandika, na baada ya somo wanavaa kofia ngumu na kinga za magoti, wanapanda ubao. Filamu inatumia muda mrefu kuonyesha wanavyoanguka. Mwalimu anashika mikono miwili, halafu mmoja, halafu anaachia. Nilipenda sana sehemu hiyo, kwa sababu mazoezini kwetu ndivyo ilivyo na hakuna mgeni aliyewahi kutaka kupiga picha mazoezi.

Siku tatu baada ya kuionyesha, wavulana wetu walipata beringi kwa fundi wa pikipiki Koboko mjini, wakazipigilia chini ya ubao. Kwenye udongo haikusogea hata hatua moja. Wakapata sakafu ya saruji kwenye veranda ya kanisa. Katekista aliwafukuza kwa fagio, kisha siku ya pili akawapa ruhusa saa kumi hadi saa kumi na moja, wakimaliza wafagie.

Lakini filamu hii nayo ina swali lake. Agosti 2021 Taliban walirudi Kabul. Wale wasichana walipokubali kupigwa picha, nyuso wazi na kicheko wazi, mji ulikuwa mwingine. Ruhusa waliyotoa ilikuwa ya siku ile. Filamu haina habari na siku ile, inaendelea tu. Siwalaumu waliotengeneza, hakuna anayejua kesho. Nasema tu kwamba anayetoa ruhusa anatoa kitu kikubwa kuliko fomu inavyosema, na anayeomba anapaswa kulisema hilo kwa lugha ya mwenye uso. Mimi nilikuwa na lugha hiyo, nikatumia sentensi moja.

Ya mwisho ni Minding the Gap, ya mwaka 2018. Hii nimeionyesha kwa vijana viongozi tu, kumi na wawili, mchana, milango imefungwa, na nawashauri mfanye hivyo. Bing Liu alikulia Rockford, jimbo la Illinois, Marekani, pamoja na marafiki wa skeitibodi, na akawapiga picha kwa miaka mingi. Mwanzoni unaona vijana wanateleza mjini kama ndege. Polepole unaelewa kwa nini hawataki kurudi nyumbani. Wamepigwa utotoni, na mmoja wao sasa kuna tuhuma kwamba anampiga mama wa mtoto wake. Hapo hakuna vita vya ndege wala waasi. Vita viko sebuleni. Baada ya filamu tulikaa kimya muda mrefu, na walioongea kwanza hawakuongea kuhusu Marekani.

Bing Liu anawauliza marafiki zake maswali magumu. Lakini na yeye anakaa. Anakaa mbele ya mama yake mwenyewe, kamera nyingine imemwelekea yeye, na wanaongea kuhusu mume wa mama aliyekuwa akimpiga. Kile alichoomba kwa wenzake na yeye alikitoa. Niliposimama nyuma ya kamera chini ya mwembe, natikisa kichwa, mimi sikutoa kitu. Na nina yangu ya kutoa, kama kila mtu hapa. Nilimchagua yeye ili nisichaguliwe mimi. Hilo nimelijua nikiwa naangalia filamu ya vijana wa Rockford, mji ambao siwezi kuuonyesha kwenye ramani.

Nilipoyasema haya kwenye kikao chetu, mama mmoja mwenye busara alinipinga. Alisema: "Mtoto wangu, mgao umepunguzwa. Kama machozi yangu yataleta kisima, waje, nitalia asubuhi na jioni. Wewe mwenye shibe ndiye unaona aibu." Watu walicheka, lakini alikuwa hataniani. Na ndugu zetu wa mashirika mliopo hapa mnajua kwamba ana hoja. Picha ya mtu anayelia inafungua mikoba ambayo picha ya mtu anayekaza nyuzi haifungui. Nyinyi mnabanwa na wafadhili, sisi tunabanwa na njaa, na kamera iko katikati.

Sina jibu la kumshinda mama yule, na sitaki kumshinda. Machozi yake ni yake. Akiamua kuyapeleka sokoni anajua bei na anajua shida ya nyumba yake. Lakini mimi sikuuza machozi yangu. Nilionyesha kwa kidole machozi ya mtu mwingine, nikapunguza maneno ya mkataba, na bei sikumwambia. Tofauti iko hapo, na nadhani hata mama yule anaikubali, kwa sababu alipomaliza kucheka aliniuliza: "Na huyo binti, wewe umemwomba msamaha?"

Nilikuwa sijaomba.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa kituoni, mkitaka mnaweza kuiga. Kabla ya filamu nasema nani aliitengeneza, lini, na nini kilitokea baadaye. Nikijua filamu ina sehemu nzito naisema mapema, na mlango unabaki wazi ili mtu atoke bila kupita katikati ya watu. Kama VJ siongezi chumvi kwenye maneno ya mtu aliyeumia. Natafsiri nilichosikia, nikishindwa nanyamaza. Na akija mgeni na kamera, fomu inasomwa yote, kwa Kiswahili, kwa Kikakwa, kwa Lingala, hata kama ni ndefu na jua ni kali. Kila kijana amefundishwa neno moja la kusema wakati wowote, hata katikati ya sentensi: "Zima." Tumefanya mazoezi ya neno hilo, kwa kupokezana, mmoja ameshika simu kama kamera. Mwanzoni walikuwa wanalisema kwa kunong'ona.

Wakija wageni wakauliza nani ana hadithi, tumekubaliana jibu: "Wote. Anza kwa kuuliza wanachofanya."

Na orodha mliyoomba ni hii. Kwa Ijumaa ya watu wote, watoto na wazee, anzeni na Benda Bilili!. Ikifuata skeitibodi ya Kabul, tafuteni sakafu ya saruji mapema na mwongee na katekista. Beats of the Antonov iwekeni jioni ambayo watu wana muda wa kubishana, na waalikeni ndugu zetu wa Sudani Kusini. Mkipata Sierra Leone's Refugee All Stars ya mwaka 2005 msiikose. Ni bendi iliyoanzia kwenye kambi za wakimbizi Guinea, ya Reuben Koroma na mke wake Grace, na wanaume wa hapa walisema huyo Koroma ni kama jirani yao. War/Dance sijaifuta kwenye flashi. Watoto wale walifanya kazi na kazi yao inastahili kuonekana. Ila nikifika pale mvulana anapoitazama kamera nanyamaza, simtafsiri. Wanaojua lugha yake watasikia. Wengine wataona uso wake, na hiyo inatosha.

Kuhusu yule dada. Nilikwenda kwao siku ya Jumapili. Nilimwomba msamaha kwa maneno machache, mbele ya bibi yake, kwa sababu bibi ndiye aliyeona zile siku ambazo hakuja mazoezini. Hakusema "si kitu". Alisema amesikia. Nilishukuru kwamba hakusema si kitu.

Wiki mbili baadaye alirudi mazoezini. Alifika kabla ya wengine na kukuta adungu kubwa imelegea, maana mvua ilinyesha na ngozi inakunywa unyevu. Akaanza kuikaza, kigingi kimoja kimoja, sikio limeegemea shingo ya ala. Mimi nilikuwa napanga viti. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza kabla ya kamera, kabla ya fomu, kabla ya kidole changu: "Nani alikufundisha kukaza nyuzi?"

Akasema, "Kaka yangu."

Ni yule kaka ambaye hakufika. Alimfundisha kwa uzi wa kuvulia samaki na beseni la kufulia, akimpiga vidole kwa kijiti kila anapokosea, naye akienda kumshitaki kwa mama. Kumbe alikuwa mtani, alikuwa na sauti mbaya ya kuimba, na alipenda kukaza uzi wa tatu zaidi ya inavyotakiwa, na ndiyo sababu hata yeye leo anaukaza hivyo. Wale wageni walimuuliza alikufa vipi. Mimi niliyekaa naye miaka minne sikuwa nimemuuliza hata hilo. Aliongea mpaka wenzake wakafika, na hata walipofika hakuacha. Hakulia. Angelia pia ingekuwa sawa.

Makala hii ameisoma kabla yenu. Amefuta sentensi mbili, na mimi sikuuliza kwa nini.